Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Muhula huu nilinunua mota kuukuu kwa kuitazama tu. Niliifunga katika pampu yangu ya maonyesho ya sayansi, ikaungua. Nilipoondoa gamba lake nilikuta sumaku na nyaya, basi. Nikamkumbuka Michael Faraday.

Bwana huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1791. Baba yake alikuwa mhunzi maskini, naye alipotimia miaka 14 alitiwa kazi ya kujalidi vitabu. Vitabu alivyojalidi, alivisoma. Mwaka 1813 akawa msaidizi wa maabara huko London.

Mwaka 1821 alirudia mwenyewe majaribio ya wataalamu wengine, asiyakubali kwa kusikia tu. Ndipo alipopitisha umeme katika waya ulioning'inia ndani ya kikombe cha zebaki, nao ukaizunguka sumaku. Mota hiyo ya awali haikuwa na gamba.

Hata leo waundaji wa mashine hununua mota zisizo na gamba, wakazipachika ndani ya mikono ya roboti. Lakini kwanza hupima nguvu, joto na nafasi.

Faraday alifariki mwaka 1867. Wenzangu, tupime kwanza. Mimi nimekwisha kujifunza.