Pasteur, aliyefichua siri ya hamira kwenye ganda la zabibu

WENGI humkumbuka Louis Pasteur kwa chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka wa 1885. Wachache wanajua kwamba heshima yake iliwahi kutegemea vichala vya zabibu.

Pasteur, mwana wa mtengeneza ngozi, alizaliwa Desemba 27, 1822 mjini Dole, Ufaransa, akalelewa Arbois, mji wa mashamba ya mizabibu.

Mnamo 1856, akiwa mhadhiri mjini Lille, mwenye kiwanda alimwendea akilalamika kwamba pombe yake ilikuwa ikiharibika. Kwa hadubini, Pasteur aliona chembe za hamira katika pombe nzuri na vijidudu mithili ya vijiti katika ile mbovu. Akashikilia kwamba kuchachuka na kuoza ni kazi ya viumbe hai.

Majonzi hayakumpa nafasi. Mabinti zake watatu walifariki kati ya 1859 na 1866, na mwaka wa 1868 kiharusi kikamlemaza upande wa kushoto.

Februari 1878, rafikiye, mwanasayansi Claude Bernard, aliaga dunia. Maandishi aliyoyaacha yalichapishwa, yakidai kuwa maji ya zabibu huweza kuchachuka bila hamira. Kazi ya miaka 20 ikawa hatarini.

Pasteur alijenga vibanda vya vioo shambani mwake karibu na Arbois, akaifunika mizabibu mapema na kufunga baadhi ya vichala kwa pamba. Zabibu hizo ziliiva na kukamuliwa, lakini maji yake hayakuchachuka. Za nje zilichachuka. Ikabainika kwamba hamira hutua kwenye ganda la tunda linapokaribia kuiva.

Mwaka uliotangulia, yeye na Jules Joubert walikuwa wameona bakteria wa kimeta wakishindwa kustawi palipo na bakteria wengine.

Leo wataalamu hutumia maarifa ya aina hiyo kuhifadhi matunda. Ukungu huingia kupitia michubuko. Hamira isiyo na madhara ikitangulia kutua hapo, hula sukari na kujaza nafasi, nao ukungu hukosa pa kuotea. Hamira moja ya aina hiyo, Candida oleophila, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1995 kukinga machungwa na matufaha.

Pasteur hakuiona siku hiyo. Alifariki Septemba 28, 1895, karne moja kabla.