Berthollet: mzee wa kemia aliyefungulia fataki rangi, na wawili waliolipa

Wadau, kila mkesha wa mwaka mpya tunakodolea macho angani. Fataki zinapasuka nyekundu, kijani, njano, na mara mojamoja bluu. Halafu kuna vijana ambao kesho yake wanaingia mtandaoni kutafuta namna ya kutengeneza za kwao nyumbani, hasa hiyo bluu, maana wamesikia kwamba inatokana na shaba. Kabla hujafika huko, ngoja nikupe habari za Claude-Louis Berthollet.

Jamaa alizaliwa mwaka 1748 Talloires, kando ya ziwa Annecy. Leo ni Ufaransa, enzi hizo palikuwa chini ya watawala wa Savoy. Alisomea udaktari Turin, kisha 1772 akatimkia Paris, na huko kemia ikamteka. Mwaka 1780 akaingia Akademia ya Sayansi, na 1784 akapewa usimamizi wa upakaji rangi kwenye karakana za Gobelins.

Kazi ya nguo ndiyo iliyomsukuma kwenye klorini. Zamani kitambaa kilianikwa juani wiki hata miezi ili kiwe cheupe. Mwaka 1785 Berthollet akaonyesha kuwa klorini inaifanya kazi hiyo kwa muda mfupi tu. Hakuificha siri apate utajiri. James Watt alipofika Paris 1786 alionyeshwa. Ile dawa ya kung'arishia nguo ambayo ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaiita javeli, jina lake limetoka Javel, kitongoji cha Paris kilichokuwa na kiwanda kilichofuata njia yake.

Sasa ndo tunafika kwenye moto. Katika kuihangaikia klorini akapata chumvi nyeupe, potasiamu kloreti. Ukiiangalia haitishi hata kidogo. Kumbe inatoa oksijeni kwa urahisi kuliko shura iliyokuwa ikitumika kwenye baruti. Wakubwa wakawaza: tukiiweka badala ya shura, si tutapata baruti kali zaidi?

Wakaijaribu tarehe 27 Oktoba 1788 kwenye kiwanda cha baruti cha Essonne. Berthollet alikuwepo, Lavoisier alikuwepo na mkewe. Mchanganyiko ukalipuka. Mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wakafa. Hao wakubwa walinusurika kwa sababu tu walikuwa wamesogea pembeni. Fikiria hapo: mtu aliyeijua chumvi hiyo kuliko yeyote duniani yupo palepale, na bado haikumsikiliza.

Berthollet hakuwahi kuwa fundi fataki. Lakini chumvi yake ndiyo iliyobadilisha fani nzima. Kabla yake fataki za Ulaya zilikuwa za dhahabu, za machungwa na nyeupe, basi. Karne ya 19 mafundi walipoanza kutumia kloreti, rangi zikaja: stronti ikatoa nyekundu, bari ikatoa kijani, na shaba ikatoa bluu. Shaba peke yake haitoshi. Inahitaji klorini ndani ya moto wenyewe ili ziungane, na muungano huo ndio unaotoa bluu. Tatizo ni kwamba joto likizidi unavunjika na bluu inapotea. Ndiyo maana mpaka leo bluu safi ni mtihani hata kwa mafundi wa viwandani.

Mzee mwenyewe aliendelea na safari zake. Mwaka 1798 akaenda Misri na Napoleon. Kwenye maziwa ya Natron aliona magadi yamejikusanya kando ya mawe ya chokaa, kinyume na ilivyozoeleka maabara. Hapo akaelewa kuwa wingi wa vitu unaweza kuigeuza kemia irudi nyuma. Wazo hilo aliliandika kwenye kitabu chake cha 1803, na leo wanafunzi wanalisoma darasani.

Hakupatia kila kitu. Alibishana miaka mingi na Joseph Proust, aliyesema kila kampaundi ina uwiano wake usiobadilika. Mojawapo ya ushahidi wa Proust, amini usiamini, ilikuwa kaboneti ya shaba: iwe ya ardhini au ya maabara, uwiano ni uleule. Proust alishinda. Berthollet alifariki Arcueil, karibu na Paris, mwaka 1822.

Mimi napendezwa na maisha yake, lakini naogopa jinsi vijana wanavyoona shaba ni kitu cha kawaida. Mkulima wa kahawa anapuliza mrututu shambani, kwa hiyo mtu anadhani hata kwenye fataki haina madhara. Hatari haiko kwenye rangi, iko kwenye kile kinachochanganywa nayo. Uingereza ilipiga marufuku 1894 kuchanganya kloreti na salfa kwenye fataki, baada ya ajali nyingi. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya wajinga. Waliokuwa wakiumia ni watu wa fani.

Kwa hiyo mdau, kama kemia inakuwasha, soma, ingia maabara yenye mwalimu, uone shaba inavyobadili rangi ya moto kwa usalama. Vidole havioti tena. Haya, wenye shule ya kemia mwageni maoni hapo chini: mashuleni kwenu bado mnaonyeshwa haya majaribio, au ni ubao na chaki tu?