Bibi Salme wa Unguja na Kalamu Yake

Watu wa Kindu na wa Kasongo hawana haja ya kuelezwa habari za Unguja. Misafara ya Waungwana ilitoka huko, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa la Tanganyika hata kufika Nyangwe na mto Lualaba. Kiswahili kiliingia Maniema kwa njia ile ile, pamoja na bunduki na minyororo. Lakini mababu waliochukuliwa pwani hawakupata kujua yaliyokuwa yakitendeka vyumbani mwa wanawake katika majumba ya Sultani. Habari hizo zimejulikana duniani kwa sababu binti mmoja wa nyumba ile alijifundisha kuandika kwa siri.

Binti huyo ni Salme, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kando ya bahari. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, Mcherkesi kutoka nchi za milima ya Kaukazi, aliyetekwa vitani angali mtoto mdogo na kuletwa mbali na kwao. Hakupata tena kuwaona jamaa zake. Labda kwa ajili hiyo alikuwa na moyo mpole kwa wenye taabu. Mtu alipougua katika nyumba ile kubwa, Jilfidan alichukua vitabu vyake vya dini, akaenda kuketi kando ya kitanda na kumsomea mgonjwa, kisha akamwendea mwingine. Salme alimwona mama yake akifanya hivyo tangu utoto wake, na hakusahau.

Katika nyumba za wakubwa wa Unguja, wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika kulihesabiwa kuwa jambo la wanaume. Salme hakuridhika. Alitwaa mfupa wa bega la ngamia, kwa maana ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi, akanakili herufi za Kurani moja moja, pasipo mtu kujua. Alipokwisha kuzizoea kidogo, alitafuta mtumwa mmoja mwenye elimu amsahihishe mkono wake. Jambo lilipofunuliwa watu wakanung'unika sana. Yeye hakujali.

Mwaka 1856 baba yake alifariki baharini, akirudi kutoka Oman. Salme alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mwaka 1859 kipindupindu kiliingia Unguja, kikaua watu wengi mno. Usiku mmoja wa joto kali msichana alilala juu ya mkeka sakafuni. Alipoamka alimkuta mama yake amejinyosha miguuni pake, akiugua kwa maumivu. Jilfidan alikuwa ametambua kwamba ameshikwa na ugonjwa ule, akaja afe karibu na mwanawe. Siku mbili Salme alimwuguza. Walimwonya kwamba maradhi yale yanaambukiza, wakataka kumwondoa chumbani, akakataa. Mama akafa mikononi pake, naye akabaki yatima wa miaka kumi na mitano, katika nyumba yenye ndugu wengi wasio wa tumbo moja.

Mwaka ule ule kalamu yake ilimwingiza katika balaa. Barghash, mmoja wa ndugu zake, alitaka kumnyang'anya utawala Majid, aliyekuwa Sultani. Wenye shauri la uasi walihitaji mtu wa kuandika barua za siri, na msichana aliyejua kuandika alikuwapo. Salme akawa karani wao. Uasi ulivunjwa kwa msaada wa Waingereza, watu wakafa, Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimpenda Salme tangu utoto, naye hakumwadhibu. Baadaye, Salme alipopatana na Majid, wale waliokuwa upande wa Barghash walimhesabu kuwa msaliti. Basi akakaa peke yake, mara shambani, mara mjini, bila mama na bila rafiki wengi.

Huko mjini alijuana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg. Wakapendana, naye akachukua mimba. Jambo hilo lingeweza kumletea kifo. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Waingereza mpaka Aden, na huko akajifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa katika kanisa la Waingereza kwa jina la Emily, na siku ile ile akafunga ndoa. Wakaanza safari ya Ulaya mara. Mtoto yule mchanga alikufa njiani, kabla ya wazazi wake kufika Hamburg.

Miaka mitatu iliyofuata walizaliwa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Bibi Salme alikuwa hajapata kupika wala kufua maishani mwake. Lugha hakuijua, baridi ilimtesa, na watu walimwendea kumtazama kama watazamavyo mnyama wa nchi ya mbali. Mumewe peke yake ndiye aliyeweza kusema naye Kiswahili. Mwezi wa Agosti 1870 mume huyo alipatwa na ajali ya tramu iliyovutwa na farasi. Siku tatu baadaye akafa. Mkubwa wa watoto alikuwa na umri wa miaka miwili tu, mdogo alikuwa bado ananyonya, na mama yao hakuwa ametimiza miaka ishirini na sita.

Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyo ngumu kuliko zote alizozifanya. Katika nchi za Afrika mjane mwenye watoto wachanga huwa na shangazi, na mama wadogo, na majirani wa kumshikia mtoto hata achote maji. Bibi Salme hakuwa na mtu. Sheria ya Hamburg ilimwekea wasimamizi wa mali ya watoto wake, wanaume wasiomjua wala kumwelewa. Urithi wake wa Unguja alinyimwa, kwa sababu ameacha dini na kuolewa na mgeni. Fedha zikapungua. Akahama Hamburg, akaenda Dresden, kisha Rudolstadt, kisha Berlin, akitafuta mahali pa maisha rahisi. Huko Berlin alifundisha Kiarabu kwa malipo. Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alizuru London. Bibi Salme akamfuata ili amwombe radhi na haki ya watoto wake, lakini wakubwa wa Kiingereza walimzuia asimwone. Akarudi mikono mitupu.

Karibu na mwaka 1877 nguvu zilimwishia, za mwili na za roho pia. Alifikiri kwamba hataishi hata watoto wake wawe watu wazima. Na watoto wenyewe hawakujua lo lote juu ya asili yao, ila kwamba mama yao ni Mwarabu wa Unguja. Ndipo alipoishika tena kalamu. Aliandika habari za jumba la Mtoni, za baba yake, za mama yake na vile vitabu vyake kando ya vitanda vya wagonjwa, za sikukuu na vyakula na mashamba ya karafuu. Hakuandika kwa ajili ya kuuza. Alikusudia kuwaachia watoto wake watatu mama anayesema, kama yeye mwenyewe angenyamazishwa na mauti.

Lakini hakufa. Ni vigumu kupima jinsi karatasi zile zilivyomsaidia. Hazikumlipia kodi ya nyumba, wala hazikupunguza nguo za kufua. Hata hivyo mtu aliyedhani amekwisha aliendelea miaka mingi na ulezi wake, na kila alipoandika alikuwa tena kati ya watu waliomjua kwa jina lake la kuzaliwa.

Rafiki zake walimsihi apige chapa kitabu. Mwaka 1885 alifika Unguja kwa merikebu ya Wajerumani pamoja na watoto wake, wakauona mji ule walioandikiwa. Wenyeji walimsalimu kwa furaha, lakini Barghash alikataa kumpokea, na Bismarck alikuwa amemtumia kwa faida ya siasa yake. Mwaka 1886 kitabu kilitoka Berlin katika sehemu mbili. Mpaka leo hakuna mwanamke Mwarabu ajulikanaye kuwa alitangulia kuchapisha habari za maisha yake mwenyewe.

Msomaji wa Maniema atakisoma kitabu hicho kwa uchungu mahali pamoja. Bibi Salme aliutetea utumwa wa Waarabu, akisema watumwa wa Unguja walitendewa kwa upole, na Wazungu hawaelewi. Yeye aliona watumwa wa nyumbani waliokwisha kufika. Njia ya kutoka Nyangwe hakuiona, wala vijiji vilivyochomwa. Mama yake mwenyewe alikuwa mtu aliyetekwa na kuuzwa, na bado binti hakuunganisha mambo hayo mawili. Mtu aweza kuandika kweli tupu juu ya machozi yake, na papo hapo asiyaone ya mwenzake.

Yako maandiko mengine ambayo hakuyatoa kwa watu. Ni barua ndefu kwa rafiki mmoja wa Unguja asiyetajwa jina. Hazikupelekwa kwa mtu. Humo alieleza yale aliyoyaficha katika kitabu: kifo cha mumewe, upweke, hofu za usiku watoto walipougua, na hata imani yake mpya, ambayo aliona haikufundishwa vema na haikupata mizizi. Hilo la mwisho lawapasa wafundishaji wa dini kulifikiri, kwa maana alibatizwa na kuingia merikebuni siku moja, na ni wachache waliokaa naye baadaye.

Watoto wake walikua wote watatu. Mwaka 1888 alikwenda Unguja tena, bila kupata alichotaka. Kisha akaishi miaka mingi Yafa na Beirut, karibu na sauti ya Kiarabu, hata mwaka 1914 aliporudi Ujerumani. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Alizikwa Hamburg pamoja na mumewe, na inasimuliwa kwamba katika kaburi lake uliwekwa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa akiutunza. Barua zake zilihifadhiwa Leiden, katika nchi ya Uholanzi, zikatolewa kwa Kiingereza mwaka 1993, na kwa Kijerumani, lugha aliyoziandikia, mwaka 1999.