Pearl Bailey

Pearl Mae Bailey (Newport News, Virginia, 29 Machi 1918 – Philadelphia, Pennsylvania, 17 Agosti 1990) alikuwa mwimbaji na mwigizaji kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kuchukua nafasi ya mhusika mkuu katika tamthilia ya muziki Hello, Dolly! mwaka 1967, wakati tamthilia hiyo ilikuwa imeshachezwa Broadway, New York, kwa karibu miaka minne na waigizaji wengine.

Maisha ya awali

Baba yake, Joseph James Bailey, alikuwa mchungaji. Pearl alikulia Washington na Philadelphia. Kaka yake, Bill Bailey, alikuwa mcheza dansi mashuhuri wa kugonga viatu sakafuni, na ndiye aliyemfungulia njia ya sanaa. Akiwa na miaka 15 alishinda shindano la wasanii wachanga katika ukumbi mmoja wa Philadelphia. Zawadi yake ilikuwa kazi ya majuma mawili ukumbini hapo, lakini ukumbi ulifungwa kabla ya kazi kwisha naye hakulipwa kitu. Baada ya hapo aliimba katika vilabu vya miji ya wachimba makaa ya mawe ya Pennsylvania, kisha New York, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliwatumbuiza wanajeshi.

Alipanda jukwaa la Broadway kwa mara ya kwanza mwaka 1946 katika St. Louis Woman. Mwaka 1952 wimbo wake Takes Two to Tango ulipendwa sana. Aliigiza pia katika filamu Carmen Jones (1954) na Porgy and Bess (1959). Uimbaji wake ulikuwa wa namna ya pekee: aliimba nusu na kuzungumza nusu, kwa uvivu wa makusudi, akitupia maneno yake mwenyewe katikati ya beti kana kwamba anapiga soga na jirani.

Tarehe 19 Novemba 1952 alifunga ndoa jijini London na mpiga ngoma wa jazi Louie Bellson, ambaye alikuwa Mzungu. Wakati huo sheria za majimbo mengi ya Marekani, Virginia alikozaliwa Pearl likiwa mojawapo, zilikataza ndoa ya namna hiyo. Katazo hilo lilifutwa na Mahakama Kuu ya nchi mwezi Juni 1967 katika kesi iliyotoka Virginia kwenyewe. Miezi mitano baadaye Pearl alianza kuigiza kama Dolly.

Hello, Dolly!

Tamthilia hii, yenye nyimbo za Jerry Herman, ilianza Broadway tarehe 16 Januari 1964. Inamhusu Dolly Levi, mjane wa New York mwishoni mwa karne ya 19 ambaye kazi yake ni ushenga. Anamtafutia mke mfanyabiashara tajiri na bahili aitwaye Horace Vandergelder, huku mwenyewe akinuia kuolewa naye.

Mwigizaji wa kwanza wa Dolly alikuwa Carol Channing. Alipoondoka, mtayarishaji David Merrick alimweka Ginger Rogers, nyota wa filamu, kisha Martha Raye na Betty Grable. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mtazamaji aliyekwisha kuiona tamthilia hana sababu ya kulipa tena, lakini akisikia kuwa mtu anayempenda ndiye Dolly wa sasa, atarudi. Kila jina jipya lilirefusha uhai wa tamthilia, ingawa kila mara watazamaji walipungua tena baada ya muda.

Mwaka 1967 Merrick alikwenda mbali zaidi. Safari hii hakubadilisha nyota peke yake, bali kundi zima: waigizaji, waimbaji na wacheza dansi wote wakawa Wamarekani weusi, Pearl Bailey akiwa Dolly na Cab Calloway akiwa Vandergelder. Hadithi na nyimbo hazikubadilishwa. Kundi hilo lilianzia Washington, ambako Rais Lyndon Johnson na mkewe walihudhuria na kupandishwa jukwaani mwishoni. Likafika Broadway tarehe 12 Novemba 1967. Miongoni mwa waliopata kazi humo ni Morgan Freeman, ambaye hakuwa akijulikana bado. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza Broadway.

Si wote waliofurahi. Wapo waliosema kuwa kuwakusanya weusi peke yao katika onyesho moja ni kuurudisha ubaguzi kwa mlango wa nyuma, miaka mitatu tu baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na kwamba haki ni kuwachanganya waigizaji katika maonyesho yote. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo, waigizaji weusi wa siku zile walipata nafasi chache mno Broadway, nyingi zikiwa za watumishi, na hapa kundi zima lilipewa kazi ya mshahara katika hadithi ya mapenzi na vichekesho isiyohusu rangi ya mtu.

Watazamaji walijibu kwa kununua tiketi, na ukumbi ukajaa upya. Wahakiki walimsifu Pearl kwa kuifanya nafasi hiyo kuwa yake. Pazia liliposhuka hakuwa na haraka ya kwenda nyumbani: alibaki jukwaani akizungumza na watu na kuwaimbia, hata watazamaji wakaona wamepewa tendo la ziada bila malipo. Kwa kawaida anayerithi nafasi ya mwingine hakuruhusiwa kushindania Tuzo ya Tony, hivyo mwaka 1968 alipewa tuzo maalumu. Moyo wake ulikuwa unamsumbua, na mara nyingi mwigizaji wa akiba, Thelma Carpenter, ndiye aliyeingia badala yake.

Kundi la Pearl lilimaliza kazi mwishoni mwa 1969. Baada yao walikuja Phyllis Diller na Ethel Merman, na tamthilia ikafungwa tarehe 27 Desemba 1970 ikiwa imechezwa mara 2,844, idadi ambayo wakati huo haikuwa imefikiwa na tamthilia yoyote ya muziki ya Broadway. Pearl alirudi Broadway kama Dolly kwa muda mfupi mwaka 1975.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1970 Rais Richard Nixon alimpa cheo cha heshima cha Balozi wa Upendo, na kuanzia 1975 alikuwa katika ujumbe wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa. Watoto wanamfahamu zaidi kwa sauti ya bundi Big Mama katika filamu ya katuni The Fox and the Hound (1981).

Chuo Kikuu cha Georgetown kilimpa shahada ya heshima mwaka 1978. Yeye hakuridhika nayo. Alijiandikisha hapo kama mwanafunzi wa kawaida, akakaa darasani na vijana wa umri wa wajukuu zake, na mwaka 1985 akahitimu shahada ya teolojia akiwa na miaka 67. Mwaka 1988 alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru.

Alifariki Philadelphia kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 72. Bellson, aliyeishi naye katika ndoa kwa karibu miaka 38, alifariki mwaka 2009.