Rudolf Diesel na njia ya mazutu

Hapa kwetu tunasema mazutu, lakini ukifika garaji utasikia pia motere ya dizeli. Dizeli ni jina la mtu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Vita ya 1870 kati ya Ufaransa na Wajerumani ikawafukuza, familia ikakimbilia London, na yeye, bado mtoto, akatumwa peke yake Augsburg kwa ndugu zao akasome. Mtu wa Kivu hahitaji kuelezewa safari kama hiyo.

Kule Munich alisoma kwa profesa Carl von Linde, mtu wa mashine za barafu. Akajifunza kwamba mashine za mvuke zinapoteza sehemu kubwa sana ya moto wa makaa. Wazo lake likawa hili: bana hewa ndani ya silinda mpaka ipate moto mkali, kisha ingiza mafuta, yatawaka yenyewe bila cheche. Hati ya uvumbuzi aliipata 1893.

Kazi ngumu ilikuwa kuyaingiza hayo mafuta. Mwezi wa nane mwaka huo, kwenye jaribio la Augsburg, kipimo cha motere kililipuka. Pompa za wakati ule hazikuweza kusukuma mafuta kidogo kidogo ndani ya hewa iliyobanwa vile, basi Diesel akaweka kompresa ya kuyapuliza. Februari 1897 motere ilipimwa: asilimia 26 ya nguvu ya mafuta iligeuka kazi, na mashine za mvuke zilikuwa mbali nyuma. Lakini ile kompresa ilikuwa kubwa na nzito. Ilifaa kiwandani na melini, kama meli Selandia ya Denmark mwaka 1912. Kwenye kamyo, hapana.

Alitajirika, akajenga jumba Munich, halafu pesa zikaisha kwa biashara mbaya na mabishano juu ya hati zake. Jioni ya 29 Septemba 1913 alikula chakula ndani ya meli Dresden, ikitoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa. Siku kadhaa baadaye mabaharia Waholanzi walikuta maiti baharini, na vitu vya mfukoni mwana wake akavitambua. Wengine wanasema aliuawa. Mimi naona madeni yanatosha kueleza. Alikuwa na miaka 55.

Pompa iliyomkosa ilitoka kwa kampuni ya Robert Bosch mwaka 1927, miaka 14 baadaye. Hapo ndipo dizeli ilienea kwenye kamyo. Ila pompa hiyo ina vyuma vilivyobanana kuliko unene wa unywele, vumbi na maji vinaikwangua, ndiyo sababu chujio likawa lazima. Mafundi wetu wanaolihamisha chujio pembeni, dereva alifikie na kumwaga maji, wanajua kupitisha mpira mbali na bomba la moshi, kukaza viungo vyote, na kutoa hewa yote kwanza kabla ya kuwasha.