Blasio Kigozi: Mwalimu aliyejua anachokiomba

Kila wiki tunapokea ujumbe wa simu kutoka Mwamanyili na vijiji vya jirani wilayani Busega. Nyingi zina maneno mawili tu: tuombeeni jamani. Tukimpigia msikilizaji kumuuliza tuombe juu ya nini, hunyamaza kidogo, kisha jambo lenyewe linatoka. Ni mtoto aliyeacha shule, ni deni la dawa za pamba, ni ndugu wawili wasiosalimiana tangu msiba wa baba yao.

Hapo ndipo tunapomkumbuka Blasio Kigozi. Hakuwa mtu wa mbali. Alizaliwa Buganda, ng'ambo ya ziwa letu hili la Victoria, karibu mwaka 1909. Kaka yake, Simeoni Nsibambi, alikuwa ameacha kazi ya serikali ili ahubiri. Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Wengi huhesabu siku hizo kuwa mwanzo wa uamsho wa Afrika Mashariki.

Church alikuwa akifanya kazi Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye kituo cha misheni chenye hospitali, shule na kanisa. Kigozi naye akaenda huko akiwa kijana, akafundisha wavulana. Baadaye alisoma Mukono, akawekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1934, akarudi Gahini kusimamia mafunzo ya wainjilisti.

Kazi ilionekana kwenda vizuri, kwani watu walibatizwa na shule zilifunguliwa. Lakini Kigozi aliona ubaridi. Mtu alishiriki Meza ya Bwana huku kijiji kizima kikijua ulevi wake. Watumishi wa misheni nao walikuwa na vinyongo, na ibada iliendelea kama kawaida.

Gahini ilikuwa imeshapata somo juu ya jambo hilo. Yosiya Kinuka, aliyekuwa kiongozi wa wauguzi wa hospitali, aliwahi kwenda Kampala kumlalamikia Nsibambi juu ya matatizo ya kazini. Nsibambi hakumliwaza. Alimwonyesha kwamba tatizo la kwanza lilikuwa moyoni mwake yeye mwenyewe. Kinuka alirudi amebadilika, naye baadaye akawa mmoja wa nguzo za uamsho.

Mwaka 1935 Kigozi alijitenga kwa muda wa wiki moja, akafunga na kuomba. Aliingia kwenye maombi akiwa na mzigo mmoja, ubaridi wa kanisa na wa kazi yake. Alipotoka hakuanza kwa kuwanyooshea wengine kidole. Alianza na nafsi yake, akatubu. Baada ya hapo mahubiri yake yakawa na nguvu ambayo watu hawakuwa wameizoea kwake. Septemba mwaka huo alikuwa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, pamoja na wenzake, kwenye mikutano iliyowagusa wengi. Katika uamsho ule, watu hawakuungama kwa jumla kwamba wao ni wenye dhambi. Aliyeiba alitaja alichoiba, akakirudisha. Aliyekuwa na chuki alimwendea aliyemchukia.

Januari 1936 Kigozi alikuwa na jambo la kuliambia kanisa lake lote kwenye sinodi ya Kampala. Alikuwa ameliandaa kwa hoja tatu zilizo wazi. Ya kwanza ilihusu chanzo cha ubaridi wa kanisa. Ya pili, kwa nini watu wanaojulikana kuishi dhambini wanaachwa washiriki Meza ya Bwana. Ya tatu, nini kifanyike ili kanisa lihuike.

Hakufika kuzisema. Alishikwa na homa ya papasi, akafariki tarehe 25 Januari 1936, akiwa na umri wa miaka 27 hivi.

Mtu angeweza kusema kwamba maombi yake yalikwama. Lakini kwa kuwa mzigo wake ulikuwa umeshatajwa, wengine waliweza kuubeba. Hoja zake zilifikishwa kwenye sinodi bila yeye. Neno lake la Kiganda, Zukuka, yaani amka, likawa wito wa mikutano iliyofanyika Uganda kuelekea mwaka 1937, kanisa la huko lilipotimiza miaka 60 tangu wamisionari wa kwanza wafike. Uamsho ukavuka mipaka, ukaingia Kenya, na kwetu Tanganyika ukapitia upande wa Bukoba.

Wako wanaosema Mungu anajua yote, hivyo hakuna haja ya kutaja. Ni kweli anajua. Lakini Bartimayo kipofu, katika Marko sura ya 10, aliulizwa na Yesu anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana na kila mtu. Kutaja hakumfundishi Mungu. Kunatufundisha sisi tunachokitaka, na mara nyingi kunatuonyesha sehemu yetu ya kufanya. Ukimtaja ndugu usiyesalimiana naye, utajikuta unapaswa kwenda kwake. Ukiutaja ugonjwa, nenda pia zahanati. Gahini waliomba, na hospitali ilikuwa wazi.

Kutaja si kumwamuru Mungu wala kumpangia siku. Kigozi aliomba wazi, na hakuona matunda mengi yaliyofuata.

Basi, ndugu msikilizaji, unapotuma ombi wiki hii, tuambie jambo lenyewe. Kama ni siri ya nyumbani, lisije redioni, mwambie Mungu faraghani. Liandike kwenye daftari na tarehe yake. Anza na linalokuhusu wewe.