Bakhita: Mjakazi Aliyekataa Kurudi

Hapa pwani hakuna asiyelijua neno bahati. Huko Sudan neno la shina hilo hilo lilipachikwa mtoto wa kike aliyetekwa nyara, akaitwa Bakhita, yaani mwenye bahati. Waliompa jina hilo ni wale wale waliomwiba. Jina alilopewa na wazazi wake lilimtoka akilini kwa hofu, asilikumbuke tena hadi kufa kwake.

Bibi huyu alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Darfur, katika kabila la Wadaju. Alikuwa mtoto mdogo bado alipokamatwa na wezi wa watu karibu na kijiji chao, akaendeshwa kwa miguu hadi El Obeid. Tangu hapo akawa wa kuuzwa na kununuliwa. Katika nyumba ya afisa mmoja wa Kituruki alichapwa karibu kila siku, na mke wa afisa huyo akaamuru achanjwe chale kwa wembe, kisha zitiwe chumvi zisifutike. Chale hizo zilipita mia moja, naye alikwenda nazo kaburini.

Mwaka 1883 alinunuliwa mjini Khartoum na Callisto Legnani, balozi mdogo wa Italia, ambaye hakumpiga. Vita vya Mahdi vilipopamba moto, Legnani alirejea kwao, na Bakhita akaomba kufuatana naye. Walifika Genoa mwaka 1885. Huko alitolewa kama zawadi kwa Bibi Maria Turina Michieli, akawa yaya wa binti yake mdogo karibu na Venice.

Mwaka 1888 bibi huyo alisafiri kwenda Suakin, ambako mumewe alikuwa na hoteli, akamwacha Bakhita na mtoto kwa watawa wa Kikanosa mjini Venice. Tangu utotoni Bakhita alikuwa akilitazama jua, mwezi na nyota, akijiuliza ni nani mwenye vitu hivi. Watawa walipomfundisha dini ya Kikristo alipata jibu: yuko Mola aliyemwumba na yeye pia, anayemjua na kumpenda, wala hakumtia bei. Kwa mtu aliyezoea kuthaminiwa sokoni, hayo yalikuwa makubwa.

Bibi Michieli aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa. Bibi alikasirika na kumwona mtovu wa shukrani. Mtoto aliyemlea alilia, na Bakhita alimpenda mtoto huyo kwa moyo wake wote. Hata hivyo hakutikisika. Shauri lilifika kwa Patriaki wa Venice na kwa mwanasheria wa Mfalme, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa. Kwa hiyo Bakhita ni mwungwana, na hiari ni yake.

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, na miongoni mwa majina yake mapya lilikuwamo Fortunata, yaani bahati ile ile kwa Kitaliano. Mwaka 1896 aliweka nadhiri za utawa. Kuanzia 1902 aliishi mjini Schio, akipika, akitarizi na kungoja mlango. Watu walimshangaa kwa weusi wake, naye akawapokea kwa upole. Alikuwa akisimulia kwamba lau angekutana na waliomteka, angepiga magoti na kuwabusu mikono, maana pasipo wao asingeifikia imani yake. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na mwaka 2000 Kanisa Katoliki likamtangaza kuwa mtakatifu.

Dini ya Bakhita siyo ya wengi wetu wa pwani. Lakini sisi tunaomjua Bilal bin Rabah, aliyelazwa juani na kuwekewa jiwe kifuani ili aikane imani yake, hatushindwi kuelewa. Pwani yetu yenyewe iliuona utumwa, nao haukufutwa kisheria huku Kenya hadi mwaka 1907. Siku hizi hakuna soko la watu Mombasa wala Lamu, ila wangali wapo wanaopimwa kwa ukoo, kwa rangi au kwa fadhila walizotendewa, wakatakiwa wasiseme la. Bakhita alisema la mara moja tu, bila ya matusi wala kisasi, na ikamtosha maisha yake yote.